Afisa ununuzi wa jeshi asome nini, na aanzie wapi: mwongozo kwa walioko Mbeya na Iringa

Mwongozo huu nimewaandikia watu wa aina tatu. Kwanza ni maafisa na askari waliopangiwa kazi ya ununuzi na ugavi katika vikosi vya Nyanda za Juu Kusini, iwe Mbalizi, Itende au Mafinga. Pili ni watumishi raia walio kwenye vitengo vya usimamizi wa ununuzi vya taasisi za ulinzi. Tatu ni vijana wanaosomea ununuzi na ugavi hapa Mbeya, Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) au Chuo Kikuu Mzumbe, na wanaotamani siku moja kuifanya kazi hii wakiwa ndani ya magwanda.

Watu hawa huambiwa kila siku "jisomeeni", ila ni nadra mtu kuwaambia wasome nini. Basi wengi wanapitia sheria mara moja kabla ya mtihani wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, wakifaulu wanafunga daftari. Msimamo wangu ni huu: fedha nyingi za ununuzi wa kijeshi hupotea kabla zabuni haijatangazwa, pale idara tumizi, yaani ile itakayokitumia kitu, inapoandika inataka nini. Mahitaji yakiandikwa ovyo, hata ushindani wa haki kabisa utakuletea kitu kisichofaa, kwa bei halali, na saini zote zikiwa mahali pake. Kwa hiyo kila utakachosoma hapa chini, kisome ukijiuliza kitakusaidiaje kuandika mahitaji vizuri zaidi.

Hatua ya 1: Anza na kibao cha mashine

Kabla ya kitabu chochote, nenda kwenye banda la mitambo la kikosi ukasome kibao kilichogongomelewa ubavuni mwa jenereta. Utaona kVA (kipimo cha uwezo wa jenereta kutoa umeme), kilowati, mizunguko kwa dakika. Kisha omba kitabu cha mtengenezaji utafute ukurasa unaosema nguvu hizo zilipimwa katika mwinuko gani na joto gani.

Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi) hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda. Watengenezaji wengine huanza kuhesabu pungufu hilo baada ya mwinuko fulani, ndiyo maana lazima usome jedwali la mashine husika. Ukikisia tu utakosea. Hata hivyo picha ni hiyohiyo: jenereta la kVA 100 lililojaribiwa pwani linaweza kukupa kVA 85 au pungufu likifika Mufindi. Nalo litakuwa zima kabisa, halina kasoro, na mzabuni hana kosa lolote.

Sasa linganisha namna mbili za kuandika. Ya kwanza: "Jenereta la kVA 100, imara, la kisasa." Ya pili: "Jenereta litoe kVA 100 mfululizo likiwa kwenye mwinuko wa mita 1,900 na joto la nyuzi 30, mzabuni aambatishe jedwali la mtengenezaji la upungufu wa nguvu kwa mwinuko." Ya kwanza hata mlalamikaji hawezi kujua ulitaka nini. Ya pili inapimika, na kamati ya mapokezi na ukaguzi inajua ikague nini siku lori litakapofika getini.

Fanya hivyohivyo kwa mahema na viatu (mvua ya Tukuyu si ya Dodoma), kwa mablanketi ya vijana wa JKT mwezi Juni na Julai, na kwa breki za malori yanayoshuka Kitonga na mzigo. Zungumza na fundi, dereva na mtunza stoo. Wao ndio maktaba yako ya kwanza.

Hatua ya 2: Sheria, lakini ile inayotumika sasa

Madesa mengi yanayozunguka vyuoni bado yamejengwa juu ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 na Kanuni zake za 2013, na yanataja TANePS, mfumo wa zamani wa zabuni za mtandaoni, kana kwamba bado uko kazini. Sheria hiyo imefutwa. Iliyopo ni Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, pamoja na Kanuni zake za 2024, na zabuni sasa zinapita kwenye mfumo mpya wa mtandaoni wa NeST. Ukikuta desa linalonukuu kifungu bila kutaja mwaka wa sheria, liweke pembeni.

Soma kwa mpangilio huu: sheria yenyewe, kanuni, nyaraka za zabuni za mfano zinazotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, kisha miongozo ya NeST. Ukifika kwenye masharti yanayohusu vyombo vya ulinzi na usalama, punguza mwendo. Yasome kwa maneno yake mwenyewe, usitegemee muhtasari wa mtu. Angalia yanavyotenganisha manunuzi yanayohitaji usiri na yale ya kawaida. Usiri upo kwa sababu nzuri, lakini mchele wa Mbarali, magodoro na karatasi za ofisini havigeuki kuwa siri ya taifa kwa kuwa tu vinaliwa au kutumiwa na wanajeshi. Afisa anayeijua mipaka hiyo huilinda siri ya kweli vizuri zaidi, kwa sababu haitumii kufunika mambo mengine.

Sehemu ya pili ya kuipigia mstari ni mgawanyo wa madaraka: Afisa Masuuli (mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake), Bodi ya Zabuni, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, idara tumizi na kamati ya tathmini. Kwa raia hili ni somo la utawala bora. Kwa mwanajeshi ni gumu zaidi, kwa sababu amelelewa kutii cheo. Kwenye kamati ya tathmini luteni na kanali wote wanapima kwa vigezo vilivyochapishwa kwenye nyaraka za zabuni, na kila mmoja anaweka saini yake kwa nafsi yake. Rai ya mkubwa haiwi kigezo kama haimo kwenye nyaraka. Soma kanuni za tathmini mpaka uweze kulisema jambo hilo kwa heshima mbele ya mkubwa wako: "Afande, kigezo hicho hatukukitangaza, tukikitumia leo, mzabuni atakayekata rufaa atashinda." Mkubwa mwelewa atakushukuru.

Pembeni ya sheria hiyo weka nyingine tatu, fupi kuliko unavyodhani: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na Sheria ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi ya 2007.

Hatua ya 3: Maamuzi ya rufaa na ripoti za CAG

Sheria inakupa mifupa. Nyama iko kwenye kesi. Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma huchapisha maamuzi yake mtandaoni. Yasome hivi: soma maelezo ya kilichotokea, funika uamuzi, amua mwenyewe, andika sababu zako kwa sentensi tatu, ndipo ufunue. Mwanzoni utashangaa namna unavyopishana na Mamlaka. Ukizoea, utaanza kuona kesi inakuja tangu kwenye tangazo la zabuni.

Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwa wazi kwa umma zikishawasilishwa Bungeni. Usizisome kama gazeti, kutafuta nani kaharibu. Ingia sehemu ya ununuzi na usimamizi wa mikataba, chukua hoja moja, jiulize kama mkaguzi angekuja kwenye kikosi chako kesho angekuta faili lina karatasi hiyo au la.

Hatua ya 4: Faili la rada

Kama una muda wa kusoma jambo moja tu, soma kesi ya rada. Ni yetu, ilifika mwisho mahakamani, na nyaraka zake muhimu ziko wazi.

Tanzania ilinunua mfumo wa rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Biashara hiyo ilizua mjadala mkali hata ndani ya serikali ya Uingereza, na wataalamu wa usafiri wa anga wa kimataifa walisema mfumo ulikuwa ghali mno na haukulingana na mahitaji ya usafiri wa anga wa kiraia. Desemba 2010, mbele ya mahakama ya Southwark jijini London, kampuni ilikiri kosa. Ilipigwa faini ya pauni 500,000, na kwa makubaliano ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi.

Soma maelezo ya jaji siku ya hukumu, kurasa chache tu. Angalia kosa lililokiriwa ni lipi. Wengi mitaani watakuambia ni rushwa. Kosa lililokiriwa lilikuwa kushindwa kutunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu malipo aliyopewa wakala wa mauzo. Yaani ile safu ya kwenye leja, ile ambayo karani huandika "huduma" na kugeuza ukurasa, ndiyo iliyoifikisha kampuni kubwa ya silaha kizimbani. Afisa ununuzi anayesoma hapo anapaswa kusimama na kujiuliza maswali yanayomhusu: kwenye mikataba yetu, mzabuni analazimika kutaja wakala wake na kamisheni anayomlipa? Kuna kifungu kinachoturuhusu kukagua vitabu vyake? Na swali kubwa kuliko yote: nani aliandika kwamba tunahitaji mfumo wa aina ile, na alilinganisha na nini?

Baada ya hapo, ukitaka kuona biashara ya silaha kwa upana wake, kuna kitabu cha Andrew Feinstein, *The Shadow World*, cha mwaka 2011. Mwandishi alikuwa mbunge wa Afrika Kusini. Kisome kama kitabu cha mwanaharakati mwenye msimamo, ukikilinganisha na nyaraka za mahakama.

Hatua ya 5: Makosa ya wenye fedha nyingi

Kuna faraja kidogo katika kujua kuwa nchi tajiri nazo hukwama, lakini hatuzisomi kwa ajili ya faraja. Tunazisoma kwa sababu huchunguza makosa yao na kuyachapa hadharani, na kuyasoma ni bure.

Ripoti ya kwanza ni ya Charles Haddon-Cave ya Oktoba 2009, kuhusu ndege ya Uingereza aina ya Nimrod iliyoungua angani Afghanistan tarehe 2 Septemba 2006 na kuua watu wote 14 waliokuwemo. Ni ripoti ndefu, kurasa zaidi ya 500. Anza na muhtasari, kisha sura za namna hati ya usalama wa ndege ilivyoandaliwa. Utaona kazi ya kutafuta hatari ikigeuka kuwa kazi ya kujaza fomu, kwa sababu kila mhusika aliamini ndege iliyoruka miaka zaidi ya 30 haiwezi kuwa na hatari iliyojificha. Ukishaisoma, hutasaini tena cheti cha ukaguzi bila kunyanyuka kitini kwenda kukiona kitu.

Ya pili ni ripoti ya Machi 2022 ya ofisi ya ukaguzi ya Uingereza juu ya magari ya deraya ya Ajax: mkataba wa pauni bilioni 5.5 kwa magari 589, mahitaji yaliyozidi elfu moja, na mtetemo na kelele zilizowadhuru askari kwenye majaribio. Hapo utajifunza hatari ya kutaka kila kitu kwa wakati mmoja.

Ya tatu iko karibu na nyumbani. Afrika Kusini ilisaini mikataba mikubwa ya silaha mwaka 1999, zikiwemo ndege za kivita za Gripen. Mwaka 2021 ndege hizo zilikaa ardhini kwa kuwa hapakuwa na mkataba wa matengenezo. Bei ya kununua ilikuwa imelipwa zamani; iliyokosekana ni bei ya kuendelea kuwa nazo. Fuatilia pia kisa cha Tume ya Seriti: ilichunguza ununuzi huo, na mwaka 2019 mahakama ikatupilia mbali matokeo yake kwa kuwa haikuchunguza ipasavyo.

Mwenye nguvu ya kusoma Kiingereza kirefu aongeze historia ya J. Ronald Fox, iliyochapwa 2011 na kituo cha historia cha jeshi la Marekani, inayohusu majaribio ya kurekebisha ununuzi wa ulinzi kuanzia 1960 hadi 2009. Inapatikana bure. Kinachofunza ni kuona tatizo lilelile likirudi kila baada ya miaka michache chini ya jina jipya.

Hatua ya 6: Historia ya ugavi iliyopita kwenye ardhi yetu

Huwezi kununua vizuri kama hujui vita hula nini. Kitabu cha Martin van Creveld, *Supplying War*, cha 1977, ndicho ninachokipendekeza kwanza, hata kama sehemu kubwa ni ya Ulaya. Baada yake rudi nyumbani.

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalitoka Nyasaland (Malawi ya leo), yakapita Tukuyu, yakapanda kuelekea Njombe na Iringa. Nyuma yao chakula na risasi vilisafiri vichwani mwa wapagazi. Fanya hesabu hii kwa mkono wako: chukua mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 anayekula kilo moja kwa siku. Safari ya siku kumi kwenda na kumi kurudi inammalizia kilo 20. Zinazomfikia askari ni kilo 5. Ongeza siku tano za njia na mpagazi hafikishi kitu. Hesabu hiyo ndiyo iliyowaua wapagazi wengi kwa njaa na magonjwa, na bado iko hai leo kwenye lori la mafuta linalochoma mafuta kupeleka mafuta. Unapoandika mahitaji ya gari, ulaji wake wa dizeli ni sehemu ya silaha.

Ukiwa Iringa nenda pia makumbusho ya Kalenga. Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walilivunja jeshi la Wajerumani la Zelewski na kuteka mamia ya bunduki. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga iliangushwa. Simama pale ujiulize bunduki zilizotekwa zingepata wapi risasi baada ya zile za kwanza kwisha, na fundi wa kuzirekebisha angetoka wapi. Nasi vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin vilitufanya tuchukue malori na mabasi ya raia. Zungumza na mzee aliyekuwa fundi wakati ule umsikilize akieleza habari ya vipuri vya magari ya kila aina.

Hatua ya 7: Vya kukaa mezani

Hivi husomi kwa mfululizo, unavifungua kila siku.

Incoterms 2020, masharti 11 ya biashara ya kimataifa. Kwa sisi wa Mbeya, tulio zaidi ya kilomita 800 kutoka bandarini, hapa ndipo penye fedha. Ukinunua kwa CIF Dar es Salaam, muuzaji analipa nauli ya meli na bima hadi Dar, lakini hatari ya mzigo imehamia kwako tangu ulipopakiwa melini huko ulikotoka, na safari ya kutoka bandarini hadi Mbeya, iwe kwa lori au TAZARA, ni mzigo wako. Ukinunua kwa DAP Mbalizi, muuzaji anabeba hatari hadi getini. Bei mbili za masharti tofauti hazilinganishwi kwenye jedwali moja.

Mfumo wa namba za vifaa wa NATO, unaotumiwa hata na nchi nyingi zisizo wanachama. Namba ina tarakimu 13: nne za mwanzo ni kundi la kifaa (2940 ni filta za injini, 2610 ni matairi), mbili ni nchi iliyosajili, saba ni kifaa chenyewe. Mtunza stoo mzoefu atakuwekea filta mbili za oili mezani, rangi moja, ukubwa mmoja, akuambie: "Afande, zinafanana kwa macho tu." Ndani ya moja valvu inafunguka kwa shinikizo tofauti, na injini ndiyo italipa. Usiandike "filta ya lori", andika namba.

Kitabu cha Umoja wa Mataifa cha vifaa vya vikosi vinavyochangiwa na nchi. Wanajeshi wetu waliingia kwenye kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa huko Kongo mwaka 2013, na marejesho ya fedha kwa vifaa hutegemea kama vinafanya kazi siku wakaguzi wanapovikagua. Gari lililosimama kwa kukosa kipuri halirejeshewi kama lile linalotembea.

Hatua ya 8: Jinsi ya kusoma bila kuchoka na bila kuvujisha

Unda kikundi cha watu wachache: wa ununuzi, fundi, mhasibu, mwanasheria, na mtu wa idara tumizi. Bila huyu wa mwisho kikundi hakina maana. Waraka mmoja kwa mwezi unatosha. Wenye Kiingereza kizuri wasome na kuwaeleza wenzao kwa Kiswahili.

Tumieni nyaraka za wazi tu. Faili la kikosi halipigwi picha, halitumwi WhatsApp, halitolewi mfano hata kwa kufuta majina.

Nunua kaunta buku, piga mistari ya safu tatu. Ya kwanza: kilichotokea. Ya pili: karatasi ambayo ingelizuia. Ya tatu: maneno ya kuongeza kwenye mahitaji yetu. Safu ya tatu ikibaki tupu, hujamaliza kusoma, rudi ukurasani. Kwa kisa cha Gripen, mathalani, safu ya tatu ingesomeka: "Mzabuni aweke kwenye jedwali la bei gharama ya vipuri na matengenezo kwa miaka mitano, na gharama hiyo ihesabiwe kwenye tathmini." Sentensi za safu hiyo zipelekwe idara tumizi mapema, wakati mahitaji ya mwaka wa fedha unaoanza Julai bado yanakusanywa. Zikifika baada ya mpango wa ununuzi kupitishwa, zitasubiri mwaka mwingine.